Jina Alilolikataa Mjukuu wa Emorut

Emorut alikuwa karani Malaba kwa miaka thelathini na mmoja, katika kampuni ya kutoa mizigo forodhani. Kazi hiyo ilimfundisha kutoamini neno la mtu. Dereva akisema amebeba saruji, Emorut alitaka karatasi. Akipewa karatasi, alitaka kuiona saruji. Foleni ya malori ilimpa nafasi ya kusoma, na madereva walimwachia vitabu walivyochoka navyo. Hivyo ndivyo mtu aliyeishia darasa la saba alivyofahamiana na Newton, Darwin na Einstein, na hivyo ndivyo alivyoacha kwenda misa.

Alipostaafu tulikutana kwake kila Jumamosi, karibu na soko la Chakol, tukizunguka chungu cha ajon, pombe yetu ya wimbi, kila mzee na mrija wake mrefu. Sheria ilikuwa moja: anayetaka kusema auachie mrija kwanza. Aliyesema aliwatazama wenzake wakinywa sehemu yake, kwa hiyo upuuzi haukuwa mrefu. Siku hizi kila kijana ana chupa yake peke yake, na hoja anaiuliza simu.

Mshindani wake alikuwa Methuselah, katekista, mtu mpole mwenye ulimi mkali. Methuselah alipenda kusema kwamba Newton, aliyekokotoa mwendo wa mwezi, alimwabudu Mungu. Je, karani wa Malaba amemzidi nini? Emorut alijibu kwamba Newton huyohuyo aliukana Utatu kwa siri.

"Angekufa hapa Chakol, mwalimu, ungemzika?"

"Ningemzika," Methuselah akasema. "Wewe ndiwe ningefikiria kwanza kama nikuzike."

Tulicheka mpaka mirija ikatutoka. Emorut akaendelea kwamba Darwin uzeeni alisema hajui, na Einstein hakumwamini Mungu anayeshughulika na mambo ya watu. Lakini hata hao, alisema, si ushahidi. Mtu mkubwa akisema jambo bado ni neno la mtu. Ushahidi ni kitu unachoweza kukijaribu, ukakijaribu tena, na adui yako akakijaribu akapata jibu lilelile.

Mkewe, Adeke, alipita na maji ya moto ya kuongeza chunguni. Hakuwa na neno na mabishano hayo. Alikuwa akingoja jambo moja. Ekwaro, mtoto wao wa kwanza, mvulana, alikufa kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka kumi na tisa, na kwetu marehemu hurudi kwa jina lake kupewa mtoto. Dancan, mwana wao wa pili, alikuwa amepata wasichana watatu. Mwaka jana Brendah, mke wa Dancan, alijifungua mvulana, na daktari akasema asizae tena.

Desturi ni hii: bibi huchovya kidole kwenye pombe, humgusisha mtoto mdomoni na kulitaja jina. Akinyonya, amelikubali. Asiponyonya, hatalibeba. Adeke alikuwa tayari ameketi, mtoto mapajani, kidole kimelowa, Emorut alipouachia mrija.

"Ngoja, Mama Ekwaro. Hicho kidole atakinyonya hata ukitaja jina la ng'ombe. Taja kwanza mengine, tuone kama anachagua."

Methuselah alimwambia aache. Hata kanisa halijaribu jambo hilo. Emorut akasema basi kanisa linaogopa. Adeke akachovya kidole upya, akafanya alivyotaka mumewe. Alitaja Newton, mtoto akanyonya. Akataja Darwin, akanyonya kwa nguvu, nasi tukacheka. Kisha akachovya tena, akasema taratibu, "Ekwaro."

Mtoto alifunga mdomo, akageuza uso, akalala.

Hakuna aliyeugusa mrija. Emorut alieleza kwamba mtoto ameshiba tu, kwamba kosa ni mpangilio wa majina, jaribio lirudiwe jioni akiwa na njaa.

"Mtu haulizwi mara mbili," Adeke akasema. "Ulitaka tuone kama anachagua, Baba Ekwaro. Amechagua."

Siku ya pili Methuselah alikuja kusema ataandika Ekwaro kwenye daftari la ubatizo bila kumuuliza mtu. Adeke alikataa. Alisema hawezi kumtwika mtoto marehemu ambaye mtoto mwenyewe amemkataa. Brendah alilipenda Newton, na ndilo lililoandikwa kwenye kitabu cha kliniki.

Jumamosi iliyofuata nilifika mapema. Wanawake walikuwa shambani, na Emorut alikuwa kibarazani na mtoto anayelia. Chungu kilikuwa kimetolewa. Alichovya kidole, akakipeleka mdomoni mwa mtoto, akasema, "Ekwaro." Mtoto alikinyonya kidole kwa muda mrefu.

"Umeona?" akaniuliza.

Nikasema nimeona, na nitamwambia Mama Ekwaro.

Alifuta kidole kwenye suruali, akafikiri kama anavyofikiri mtu aliyeshika karatasi ya mzigo.

"Usimwambie. Mtoto ana njaa, babu ndiye aliyelitaka jibu, na shahidi ni rafiki yake. Hata mimi nisingeipitisha karatasi kama hiyo."

Hajaubadili msimamo wake juu ya Mungu. Chungu bado kipo Jumamosi, ingawa tumebaki watatu. Adeke bado anaitwa Mama Ekwaro, na mtoto akiitwa Newton hugeuka. Babu yake hamwiti kwa jina lolote.