Haragwe la Sikioni

Jumamosi iliyopita, msusi wangu hapa Machakos mjini alifungua chupa ya mafuta ya mbarika, yale mnayoambiwa yanaotesha nywele, na kabla hajanipaka hata tone macho yangu yalishajaa machozi. Akadhani amenivuta nywele. Maskini, angejuaje? Harufu ile nzito, ya mbegu zilizokaangwa zikaungua kidogo, kwangu ni harufu ya bibi yangu akiomba msamaha.

Bibi tulimwita Susu, kama Wakamba wanavyowaita bibi zao. Alikuwa mama ya baba, na kwa desturi yetu mimi, msichana wa kwanza, nilipewa jina lake: Mumbua. Basi nyumbani kwetu, karibu na soko la Muthetheni, kulikuwa na Mumbua wawili, mmoja akilima ndengu na mwingine akiziiba mbichi.

Susu ndiye aliyetoboa masikio ya wasichana wa pande zile. Alitoboa asubuhi mapema, ndewe, zile nyama laini za chini ya sikio, zikiwa zimekufa ganzi kwa baridi, kwa sindano iliyopitishwa motoni. Kisha alichomeka kijiti cha ufagio ili tundu lisizibe. Walisema ana mkono mwepesi.

Zamu yangu ilipofika nilikuwa darasa la pili, nikiringa kweli kweli. Sikio la kushoto lilipona vizuri. La kulia likakataa. Nyuma ya ndewe kuliota kitu kigumu, chenye kung'aa, ukubwa wa ndengu, kikawa kinawasha hasa usiku. Miezi ikapita, ndengu ikawa haragwe. Shuleni nikapata jina jingine, Maharagwe, na ole wake aliyelitamka nikiwa na jiwe mkononi.

Susu akaanza kulipia dhambi. Kila jioni alinikalisha kati ya magoti yake, akapasha mafuta ya mbarika kwenye kijiko, akasugua. "Ni huu mkono wangu," alisema, na mara nyingine aliupiga mkono wenyewe kofi. Siku moja jirani akamshauri alifunge lile haragwe kwa uzi, likose damu, lianguke lenyewe kama kitovu cha mtoto. Susu akafunga. Nililia hadi sauti ikakauka. Likaanguka kweli, tukafurahi, nikachinjiwa kuku. Lakini kabla ya mahindi kukomaa lilirudi, kubwa kuliko la kwanza, likafunika nusu ya ndewe.

Maneno yakaenea sokoni. Mkono wa Mumbua umeharibika, walisema, na wakaacha kumletea mabinti. Susu akaichomeka sindano yake ukutani jikoni, chini ya paa, na sikumwona akiishika tena, hata kushonea kifungo. Mwalimu alipotufundisha kwamba majuto ni mjukuu, niliinamisha kichwa, nikiamini ananisema mimi.

Mwishowe baba akatupeleka mjini kwa daktari wa ngozi. Susu alikataa kubaki nyumbani. Alijifunika leso mabegani pamoja na jua lile lote, kama alivyojifunika siku zote, na hata kabla hatujaketi akaanza kukiri. "Daktari, ni mimi niliharibu huyu mtoto."

Daktari, mama mmoja wa makamo, alilikagua sikio, akasema kovu hili linaitwa keloidi. "Susu, si mkono wako. Kuna ngozi ikiumia haijui kuacha kupona, inaendelea tu kujijenga. Ukiikata ama uifunge uzi bila dawa nyingine, kwake hicho ni kidonda kipya, inajenga zaidi. Tutakuwa tunamdunga dawa ndani ya kovu, litanywea polepole." Kisha akauliza, "Hii kitu mara nyingi inatembea kwa ukoo. Kwenu kuna mwingine ako nayo?"

Susu akatoa leso, akafungua kifungo, akashusha nguo begani. Kulikuwa na kovu nene, linang'aa, pana kama kiganja changu, pale alipochanjwa ndui akiwa msichana. Sikuwahi kuliona, nami nililala naye kitanda kimoja.

"Si unaona?" daktari akasema kwa furaha. "Hukumkosea."

Nilimgeukia Susu nikitarajia acheke, turudi tukaitoe ile sindano ukutani. Badala yake alilia kwa sauti, mbele ya watu.

"Aiya, mwanangu. Kumbe si mkono. Kumbe ni mimi mzima. Nilikupa jina langu, sikujua nimekupa na hii."

Nilimkasirikia. Mtu ameshinda kesi, bado analia nini? Sindano za daktari zilichoma, wacha tu, lakini haragwe lilinywea, mwasho ukaisha, likabaki bonge dogo ambalo nywele hulificha. Susu alinisindikiza kila mara, na jioni aliendelea kunipaka mafuta yake. Hakutoboa sikio jingine hadi alipokufa.

Nimekuja kumwelewa nikiwa mama. Binti yangu alichanjwa mkononi akiwa mchanga, kama watoto wote, na pale ambapo kovu dogo lilipaswa kutulia, likainuka, likang'aa. Nililaumu nesi kimoyomoyo, nikalaumu sabuni, nikalaumu blanketi. Kisha nikashika sikio langu. Kosa la mkono unaweza kuliombea msamaha, ukaacha kulitenda. Hili la kumpa mtoto mwili wako utaliacha vipi? Najua si kosa. Najua, na bado linaniuma.

Jumamosi ile binti yangu alikuwa pale kwa msusi, akinisumbua tena kuhusu kutobolewa masikio, jambo ambalo nimelikataa katakata. Alipoyaona machozi akauliza kuna nini. Nikamsimulia yote.

Aliligusa kovu lake juu ya sweta. "Kwa hivyo hii ni ya Susu?"

"Ni ya Susu. Mimi ndiye nilikupatia. Pole, mama."

"Na jina lake je? Mbona hiyo hukunipatia?"

Jina la binti yangu lilitoka kwa mama ya baba yake, desturi ni desturi. Binti akakunja mkono wa sweta, akaninyooshea mkono wake. "Basi nipake na mimi."

Nilimwomba msusi ile chupa. Nikamimina tone, nikasugua taratibu, nikijua kabisa kwamba mafuta yale hayatibu kitu.