Lenzi Iliyopenda Masikio

Ninatengeneza kamera katika chumba kimoja cha ghorofani katikati ya jiji, kazi niliyofundishwa na baba. Kwa miaka mingi wateja wangu walikuwa wazee wachache wa studio, mpaka watoto wa matajiri walipogundua kwamba kamera ya filamu ikining'inia shingoni humfanya mtu aonekane ana fikra nzito. Tangu hapo hata chai nainywa ikiwa imepoa.

Asubuhi moja akaja jamaa wa Lavington, mtaa wa matajiri, na mchumba wake. Akachungulia kila pembe ya chumba.

"Sasa, madam. Fundi ako?"

"Umempata."

"Hapana, nauliza fundi mwenyewe."

"Ndiye mimi. Leta kamera."

Akanikabidhi kama mama anayempa mgeni mtoto mchanga. Ilikuwa ile aina ambayo huoni kupitia lenzi. Unachungulia kidirishani, unaona sura mbili za kitu kimoja, unazungusha lenzi mpaka zilaliane. Ndani kuna mkono mdogo wa chuma unaogusa kitako cha lenzi na kupeleka habari kidirishani. Kitako kikipungua hata kwa unene wa unywele, kidirisha kinadanganya.

Hayo yote jamaa alinihubiria mimi, niliyeyajua tangu nikivaa sare ya shule. Yeye alikuwa ametazama video tatu. Lenzi yake ilikuwa ya Kirusi, ya zamani, isiyopatana na kamera ile, kwa hiyo alikuwa amekinyoa kitako mwenyewe, sebuleni, kwa tupa ya kucha.

"Picha zikatokaje?"

"Ziko sawa. Shida ni huyu, hatulii."

Mchumba akafungua mkoba, akanipa picha alizopigwa. Masikio yalikuwa safi, hereni zinang'aa. Macho na pua vilikuwa ukungu mtupu.

Nikafungua mgongo wa kamera, nikabandika karatasi inayopitisha mwanga mahali pa filamu, nikaacha shata, kile kipazia cha ndani, wazi. Jamaa akailenga chupa ya soda mezani mpaka akaridhika. Nikampa mchumba kioo cha kukuza aangalie ile karatasi.

"Unaona nini?"

"Chupa imefifia. Kalenda iliyo nyuma yake ndiyo naiona vizuri." Akainua kichwa. "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe hata kidogo."

"Miezi yote hii naambiwa nikae kama sanamu!"

Jamaa akakumbuka ghafla kwamba kuna mtu wa kumpigia simu.

Chuma kilicholiwa na tupa hakirudi. Nikakata pete nyembamba ya shaba, nikaiweka chini ya vioo vya lenzi ili visogee mbele kidogo, nikapima, nikaitupa, nikakata nyingine. Ya nne ikakubali. Chupa ikasimama kwenye karatasi, safi hadi herufi zake.

Baadaye nikasikia kwamba huko kwao jamaa anajisifu ameitengeneza lenzi ile kwa mikono yake. Akaanza kuniletea lenzi za marafiki zake, akidai zote ni zake. Nikazifanyia kazi na kunyamaza. Mchumba hakunyamaza. Kwenye sherehe moja, marafiki wa jamaa wakimsifu kwa ufundi wake, akawapa wote namba yangu.

Sasa wanakuja wenyewe, nami nawapokea kwa heshima yote wanayostahili, ambayo si nyingi. Jamaa nilikutana naye juzi barabarani. Alijifanya hanijui, nikamsalimia kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya pili.