Baraza Langu na Jembe la Saning'o

Violet, mkamwana wangu, amenipigia simu mpaka nimechoka kuipokea. Anataka kujenga baraza la bati mbele ya nyumba yao huko mjini, na anataka nimwandikie langu lilinigharimu kiasi gani. Nimwandikie mimi, niliyejifunza kuandika kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa na mtoto mgongoni, na mwalimu mwenyewe alikuwa akikosea. Nilitaka kumwambia kwa mdomo, anasema kwa mdomo nachanganya mambo. Haya. Sichanganyi kitu. Lakini wewe Violet utasoma mpaka mwisho, na hao majirani zako unaotaka kuwaonyesha nao wasome mpaka mwisho, wasiishie kwenye bei.

Bei ni hii: niliuza mtamba wangu mwekundu mnadani Ngaramtoni, yule wa mwisho katika uzao wa ng'ombe wa marehemu mume wangu Nathanael. Lesian wako akaongeza mabati. Basi. Habari za saruji na mbao muulize fundi, maana zinapanda kila ukilala. Mimi nakuandikia gharama ambayo fundi hatakutajia.

Nathanael alipofariki nilibaki na nyumba ambayo watu waliisalimia wakiwa barabarani. Wanapunga mkono, wanapita. Kitu pekee kilichowaingiza ndani ni jumuiya, kwa sababu sisi Walutheri wa hapa Olmotonyi tunasali nyumba kwa nyumba, kila wiki kwa mtu mwingine. Masika moja zamu ikaangukia kwangu na mvua nayo ikaangukia hapo hapo. Wengine walibanana sebuleni, wengine wakasimama chini ya upenu migongo ikilowa. Zamu yangu iliporudi, akaja Anna, jirani yangu wa upande wa juu, ambaye ndiye kiongozi wa jumuiya. Alikuja na sauti ya kubembeleza mgonjwa.

"Mama Lesian, tumeona tusikusumbue. Safari hii tutasali kwangu."

"Nani amekuambia nasumbuka?"

"Si mguu wako huo."

"Kwani unaosali ni mguu?"

Akacheka, lakini walisali kwake. Nikakaa kitandani nasikia nyimbo zinakuja kupitia kwenye migomba. Mtamba niliuza wiki ile ile. Nilitaka baraza pana, kutoka mlango wa nyumba mpaka mlango wa jiko, watu wakae chini ya bati wakiwa wakavu, asiwepo tena wa kunihurumia.

Sasa kati ya nyumba na jiko palikuwa na njia ya Saning'o.

Nyie vijana hamkumjua Saning'o kabla hajawa kichekesho. Enzi zile maji ya huku juu yalikuja kwa mfereji, kutoka mtoni kule msituni, yakipita uwani kwa kila mtu, na kila boma lilikuwa na siku yake ya kuyafungulia shambani. Saning'o ndiye aliyechaguliwa kuusimamia mfereji. Alikuwa mrefu, mkali, na hana rafiki siku ya zamu. Alimfungia maji kaka yake wa tumbo moja mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Mkewe alikuwa akisema kwamba yeye ni mke mdogo, mke mkubwa ni mfereji. Kila asubuhi aliufuata kutoka juu mpaka chini, jembe lake likiwa limelika hadi likabaki kama kijiko, akizibua majani, akiburuza udongo. Unasikia tu, kwaruu, kwaruu, unajua kumekucha.

Kisha maji yakaingizwa kwenye bomba. Kule juu mfereji ukazibwa. Watu wakamwaga majivu humo, wakapanda maharage, na wengine wakaweka uzio juu yake. Saning'o hakuacha. Kila asubuhi aliendelea kuufuata mfereji mkavu na jembe lake, akipita katikati ya nyua za watu kama vile maji yanamfuata nyuma. Akifika kwangu ananisalimu kwa lugha yetu, takwenya, nami naitika iko, anapita. Watoto walimwimbia. Hakugeuka.

Fundi niliyempata aliitwa Luqman, mtu wa Kaloleni, mdomo hauna breki lakini mkono safi. Siku ya kusimamisha nguzo Saning'o alitokea kwenye migomba, akasimama mbele ya mashimo.

"Mama Lesian. Unajenga njiani."

"Njia ya nani? Mimi sioni maji."

"Maji hayajafika."

"Yamechelewa, mzee. Mwanangu amekua, ameoa, hayajafika."

Luqman akadakia, "Mzee, tukujengee na kituo, uyasubirie hapo?"

Saning'o hakumtazama hata kidogo. Alinyoosha jembe, akalilaza chini kati ya mashimo. "Niachie upana huu. Upana wa jembe tu. Kwingine kote jenga."

Nikamwambia sijauza mtamba ili nipate baraza lenye ufa. Akainua jembe lake, akapita katikati ya nguzo, akaenda zake. Luqman akamwaga zege, akasakafia, akapiga kenchi, akaezeka. Lilipendeza mpaka watu walisimama barabarani kulitazama, na safari hii wakaingia.

Na Saning'o naye akaingia. Kila asubuhi, kama kawaida yake, anatoka kwa Anna, anapanda barazani na mabuti yake ya mpira, anasogeza viti vyangu, vingine ukutani, vingine upande wa jiko, anapata njia yake, anaburuza jembe juu ya saruji mpya. Kwaruu. Takwenya. Iko. Akishashuka navirudisha viti katikati. Kesho yake anavisogeza. Hakuna aliyemsemesha mwenzake zaidi ya salamu. Hata jumuiya, iliyoacha kuzunguka ikawa inasali kwangu kila Jumamosi asubuhi, ilimzoea. Anapita katikati ya sala, watu wanainua miguu bila kufumbua macho, anapita. Na watu walikuja, Violet. Chai ilikuwa haitoshi. Hata mimi nilianza kusahau mguu.

Baridi ya Julai ikamwondoa Saning'o. Kifua. Tulimzika kwake, huko juu karibu na msitu, nami nilipika kwenye msiba ule mpaka macho yakavimba kwa moshi. Niliporudi nyumbani nilipanga viti katikati ya baraza, nikasema sasa vitakaa.

Asubuhi nikafungua mlango. Viti vilikuwa vimesogezwa. Vingine ukutani, vingine upande wa jiko, na katikati pametulia.

Nikasema ni mbuzi. Nikafunga mbuzi. Nikasema ni watoto wa Anna, nikaenda kuwagombeza bure. Nikavipanga viti kimoja juu ya kingine, nikavifunga kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya kati. Asubuhi nguzo ilikuwa peke yake. Viti nilivikuta ukutani, bado kimoja juu ya kingine, na fundo langu la kamba halijaguswa. Kwenye sakafu kulikuwa na mchubuko mweupe, unga wake bado haujapeperuka, kutoka ukingo mmoja wa baraza mpaka wa pili.

Sikumwambia mtu. Nilirudisha viti, nikafagia ule unga.

Lakini Jumamosi jumuiya ilikuja. Ukungu ulikuwa umeshuka, hata jiko huoni vizuri. Tuko katikati ya sala, nikasikia kwa Anna majani ya migomba yanasukumwa. Halafu, kwaruu. Wote walisikia, kwa sababu wote waliinua miguu, kwa mazoea. Wakainua, macho yamefumbwa, na kile kitu kikapita. Ndipo mmoja akakumbuka tulimzika nani. Nilifumbua macho nikaona watu wazima wamekaa miguu iko hewani, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuishusha.

Jumamosi iliyofuata Anna alikuja peke yake, akasimama nje ya baraza, kwenye umande.

"Panda," nikamwambia.

"Hapa panatosha. Mama Lesian, leo tutasali kwa Hans."

"Kwa Hans hakuna hata viti."

"Tutasimama."

Ndiyo hivyo. Nikarudi kuwa mwanamke wa kupungiwa mkono, ila sasa hata mkono hawapungi, wanaharakisha. Nina baraza la kukaa watu, na anayelitumia ni marehemu peke yake.

Hapo ndipo hasira ilinishika. Nilitoa kiti cha mbao cha Nathanael, kile kizito, nikakiweka katikati kabisa, kabla hakujapambazuka vizuri, nikakalia. Fimbo mapajani. Nikasema, mzee, leo nisogeze na mimi.

Ukungu ulijaa mpaka chini ya bati. Nikasikia jembe kutoka mbali, huko juu. Likaja taratibu, linasimama, linaendelea, kama alivyokuwa akizibua majani. Likafika kwa Anna. Mbwa wake akalia mara moja akanyamaza. Migomba ikasukumwa. Likapanda kwenye saruji. Kwaruu. Kwaruu. Likasimama mbele ya magoti yangu.

Sikuona mtu. Nilinusa udongo uliolowa, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei.

Sikuondoka. Naye hakuniondoa. Alingoja. Unajua Saning'o alikuwa mtu wa kungoja, alingoja maji maisha yake yote, angeshindwa kumngoja bibi mmoja? Tukakaa hivyo. Nikaanza kusikia baridi kwenye nyayo, kisha kwenye vifundo vya miguu, baridi inayokwenda, inayosukuma. Nikatazama chini. Saruji ilikuwa kavu. Nikapeleka mkono kwenye kanga. Kuanzia kwenye pindo mpaka juu ya kifundo ilikuwa imelowa chapachapa.

Nikamwambia, "Upana wa jembe, ulisema."

Nikalikamua pindo la kanga.

"Nitakupa. Lakini usinifukuzie watu. Viti vyangu usiviguse tena. Umesikia?"

Nikashikilia fimbo, nikainuka, nikakivuta kiti cha Nathanael pembeni. Jembe likapita. Lilipofika ukingoni nilijikuta nimesema iko, kama mtu aliyesalimiwa.

Nikampigia Luqman. Akaja anacheka. "Shikamoo bibi. Ulinilipa nijenge, sasa unanilipa nibomoe? Na mimi nifanye nini, nikatae?"

"Marahaba. Kata hapo, katikati. Upana wa jembe."

Alipasua sakafu kutoka ukingo hadi ukingo, akajengea kingo mbili nzuri. Kicheko kilimwisha alipoinua vipande vya zege. Ardhi iliyofunikwa mwaka mzima inakuwa ngumu kama tofali, yeye mwenyewe aliniambia. Ile ilikuwa laini, imetifuliwa, haina hata mzizi mmoja, kama imelimwa jana. Alichukua zana zake, na hakumalizia chai.

Basi Violet, gharama ni hiyo. Kujenga, kubomoa, na upana wa jembe ambao sitaukalia tena. Saning'o ametimiza sehemu yake. Tangu siku ile hakuna kiti kilichosogea, anapita kwenye njia yake, na asubuhi nikiwa jikoni naitika. Wasiotimiza ni nyie wazima. Jumuiya bado inasimama kwa Hans.

Kwa hiyo na wewe nilipe barua hii. Sitaki pesa. Jumamosi hii uje na Lesian, mje na sukari, na wewe jirani uliyeazima barua hii ukasoma bure, njoo nawe. Mtakaa barazani kwangu mpaka Anna awaone akiwa kwake na aone aibu. Mkisikia majani ya migomba yanasukumwa, msikimbie. Inueni miguu, apite.