Shati Nyuma ya Mlango

Pale Bugarama, ukiuliza fundi wa kushona sketi za shule na kupunguza suruali za watu wa mgodini, utaelekezwa kwa Justa bila maneno mengi. Ukiuliza kwa nini fundi mwenye wateja kiasi hicho anapoteza jioni zake kuunganisha masalio ya vitambaa, watu watacheka kidogo, kisha watakuambia umuulize mwenyewe. Mwenyewe anainamia kazi. Anakanyaga cherehani yake.

Jibu lenyewe ni Maduhu. Mumewe huyo, baba wa mwanawe Herman, alikwenda kwenye machimbo mapya huko mbele ya Geita, akaahidi kurudi kabla msimu wa pamba haujaisha. Misimu imepita, simu yake haipatikani, na wale alioondoka nao kila mmoja anadai alimwona mahali tofauti. Kabla hajaondoka, yeye na Justa walikuwa wameona kwenye simu ya jirani yao Rhoda blanketi la viraka ambalo kila kiraka kilikuwa na umbo lake: nyota, ngazi, madirisha, wala hakukuwa na viwili vilivyofanana. "Hilo ndilo la kujifunika mtu na mkewe," Maduhu alisema, mbele ya Rhoda, bila haya yoyote. Justa alimgombeza siku ile. Sasa angetoa chochote amsikie akisema tena.

Kazi ya kulishona blanketi kama lile aliianza kwa kuharibu. Alikata viraka kwa macho, kama alivyozoea kukata sketi, na ncha za nyota zikakataa kukutana. Akaacha ubishi, akachonga vipimo kwa boksi la sabuni, kimoja kwa kila umbo. Mkasi wa karatasi akautenga na mkasi wa kitambaa, na ole wake atakayeichanganya. Ngazi na madirisha alivishona kwa cherehani kwa kuwa mistari yake imenyooka. Nyota alizishona kwa mkono, maana cherehani haina subira na kona. Ndani alitaka kutandaza pamba, lakini pamba ikajikusanya mafungu mafungu, akaitoa na kuweka blanketi kuukuu. Jambo moja tu hakulilegeza tangu mwanzo: kila kitambaa kilifuliwa kabla ya kukatwa. Kisichofuliwa kitakuja kuchuja rangi au kurudi kikapungua, nacho kitaharibu vyote vinavyokizunguka.

Hapo ndipo alipokwama. Kilibaki kiraka cha katikati, na nafasi hiyo aliiweka kwa ajili ya shati la Maduhu, lile la kaki lililoning'inia nyuma ya mlango tangu aondoke, kola yake ikiwa bado na vumbi jekundu la duarani, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Na wachimbaji wa pale wana mwiko wao: mtu akiwa machimboni, nguo aliyoiacha nyumbani haifuliwi, utamwoshea bahati yake. Justa ni mtu wa kanisa, husema haamini mambo hayo. Lakini hakulifua. Tena, tuseme kweli, si bahati tu iliyomzuia. Kila jioni alizamisha uso kwenye shati lile na kuvuta pumzi, na mumewe alikuwa humo.

Rhoda alimkuta hivyo, uso ndani ya shati.

"Shikamoo, Mama Herman."

"Marahaba. Pita tu." Justa hakujisumbua kulificha. "Hebu njoo unuse. Baba Herman yumo au hayumo?"

Rhoda alinusa, akanusa tena. Angeweza kudanganya, na uso wake ulionyesha kwamba alilifikiria hilo.

"Nasikia mkaa, Mama Herman. Mkaa wa pasi yako, na vitambaa vipya. Lina harufu ya humu ndani."

"Na yeye?"

"Yeye sijamsikia."

Iliuma. Muda wote huo Justa alikuwa akijinusa mwenyewe. Alikaa kwenye kiti cha cherehani akalia bila kujifuta, na Rhoda, ambaye kwa kawaida hana breki ya mdomo, alichukua ndoo akaenda kuchota maji.

Shati Justa alilifua mwenyewe. Maji yalitoka mekundu, naye akamwomba Maduhu radhi kwa Kisukuma, kwa sauti, kama mtu anayesemeshana na aliye uani. Shati lilipokauka akalipiga pasi, akaweka kipimo cha nyota juu yake. Nyota ingeukata mfuko wa kifuani katikati. Justa alikitazama kile kipimo, akakiweka kando, akaukata mfuko mzima pamoja na kitufe chake. Akaushona katikati ya blanketi kwa mkono, kingo zake tu, na mdomo wake akauacha wazi.

Jumapili, baada ya misa, kibaridi cha Julai kikimwingia mifupani, alilitandika blanketi lake. Lilienea kitanda cha watu wawili. Akajilaza upande wake, ule wa ukutani, akajifunika mpaka kidevuni. Usingizi ulipoanza kumchukua, mkono wake ukautafuta mfuko, ukaingia, ukakaa humo.