Mwendo wa Mama Kwenye DVD

Kwetu Uluguruni, ukifa, mtani wako huvaa nguo zako. Anatembea kama wewe, anakohoa kama wewe, anawatania wafiwa mpaka wacheke na machozi yakiwa bado mashavuni. Hakuna wa kumkasirikia. Ni haki yake, na yeye akifa, mtu wa ukoo wako atamfanyia vilevile.

Mama alipofariki kule Kinole, mtani wetu alikuwa mwanamke wa rika langu. Akajifunga kanga ya mama, akajitwisha tenga tupu, akaanza kuteremka uani: mguu wa kushoto anauburuza, mkono kiunoni, kila hatua nne anasimama kuziuliza ndizi zake kama zimechoka. Mama hasa. Mguu ule uliharibika akiteremsha ndizi Mkuyuni, maana siku hizo gari lilikuwa halipandi, na hata lililokuja baadaye, ah, hilo nina maneno nalo, tuliache. Kati ya waliokuja kuzika alikuwepo mwalimu mmoja kijana kutoka mjini. Alicheka mpaka akakaa chini.

Ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Mitumba, redio za kila namna, televisheni. Mwalimu akaacha chaki, akawa mchekeshaji. Akavaa kanga, akajitwisha tenga, akaburuza mguu wa kushoto. Nchi nzima ikacheka. Sisi tulimwona kwenye kibanda cha video Mkuyuni, tukamtambua mama. Mtani akasema yule kijana amelelewa, iko siku atasema mwendo ule alikoutoa.

Miaka ikapita. Binti yangu anayekaa Morogoro mjini akanunua deki, na DVD ya michezo ile ya zamani. Akaniambia ukibonyeza mahali, mchekeshaji mwenyewe anazungumza juu ya picha, anaeleza kila kitu alivyokitunga. Nikapeleka habari Kinole. Mtani, magoti yameshakwisha, akateremka. Alibeba mdalasini kwenye kitambaa. Alielewa kwamba mwenyewe atakuwepo. Hatukujua mpaka alipokaa kwenye kochi akauliza mgeni anafika saa ngapi.

Tukawasha. Tenga likatokea, mguu ukaburuzwa. Mtani akasogea mbele. Sauti ya yule bwana, imenenepa kama yeye, ikasema, "Huyu bibi nilimtunga mwenyewe, mbele ya kioo. Hakuna mtu kama huyu popote." Akacheka. Binti yangu akataka kuzima. Mtani akamzuia, akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akafunga upya kitambaa chake.

"Mtani," akaniambia, "kumbe mama yako hakuzaliwa."

 

Mtani alifariki kabla ya masika. Zamu ikawa yangu. Nikavaa kanga yake, mwanamume mimi, nikatoka uani kumwigiza: kichwa amekiinamisha upande, maneno anayahesabu kwa vidole. Wazee wakacheka. Lakini kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa siku ile ya mama, nami sikutaka azikwe bila hiyo. Nikajitwisha tenga. Nikaburuza mguu.

Watoto wakapiga makofi, wakaita jina la yule wa kwenye televisheni. Mjukuu wa marehemu, mtu mzima na ndevu zake, akanishika bega.

"Babu," akasema, "yule bwana umemwiga vizuri sana."