Masta Iliyobaki Dukani

Miaka ile bidhaa za nje zilipoanza kujaa mitaani na kila chumba cha mbele kikageuzwa duka, nilikuwa nakunja kava za kanda kwenye duka la jumla Kariakoo. Shule niliiacha mapema, na kazi nyingine zote nilizihama. Pale nilikaa kwa sababu nilitaka kujua wimbo unapita wapi kutoka mdomoni mwa mtu hadi kwenye redio ya kinyozi.

Rafiki yangu, mpiga gitaa niliyechangia naye chumba Mchafukoge, alirekodi nyimbo zake mwenyewe, bila bendi. Studio ilimpa kanda moja tu, masta, ya kutolea nakala zote. Mkanda wao mkubwa waliufuta ili arekodiwe mteja mwingine, maana mikanda ilikuwa adimu. Nyimbo zake zote zikawa ndani ya kitu cha kutia mfukoni.

Akaileta kwa bosi wangu, msambazaji.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, msanii. Kaa. Utakunywa soda gani?"

Chupa ilikuwa ya kurudisha gengeni, kwa hiyo aliinywa palepale, taratibu, kama mgeni. Alipoimaliza, bosi alikwishafungia kanda kwenye droo. "Niachie, nitaisikiliza kwa nafasi." Rafiki yangu alinitazama, akashukuru kwa soda. Unakirimiwa, halafu udai chako? Kila msanii niliyemwona pale aliondoka hivyohivyo, mikono mitupu, akiaga kwa heshima.

Kanda haikutoka. Bosi alikuwa ameingiza sokoni bendi kubwa yenye mapigo kama ya rafiki yangu, na hakutaka ushindani.

"Inakuja," alisema kila tulipouliza. "Haraka ya nini, unaolewa?" Vijana wa dukani wakacheka.

"Basi nirudishie, bosi, nijaribu kwingine."

"Kwani nimekataa kuitoa? Nimekataa lini?"

Kweli, hakuwahi kukataa. Tungemshitaki kwa lipi? Funguo za droo zilining'inia kiunoni mwake, nami nilikunja kava za watu wengine hatua chache kutoka pale. Tulirudi studio kuomba arekodi upya. Mwenye studio, aliyeishi kwa kazi za bosi yuleyule, alisema, "Ndugu yangu, hizo zina mwenyewe."

Siku hizi vijana wakiniuliza, nawaambia wasitoke studio bila nakala mbili, na anayetaka kusikiliza asikilize wao wakiwepo, kisha kanda irudi mfukoni. Ni maneno mepesi. Wakati ule nani angetuambia?

Rafiki yangu aliuza gitaa, akaamua kuhamia kwa dada yake Kigamboni. Nilimsindikiza Magogoni, tukapanda pantoni pamoja. Tulisimama kati ya matenga ya nyanya, akaniimbia nyimbo zake zote, mmoja baada ya mwingine.

"Zikae na mtu mwingine," alisema. "Shika ubeti wa pili wa huu, ndio mgumu."

Akaurudia. Injini ilikuwa inanguruma, abiria wanagombania nafasi ya mizigo, nami nikausogelea mdomo wake kadiri nilivyoweza. Tukafika ng'ambo kabla hajamaliza.

Ubeti wa kwanza ninao mpaka leo. Wa pili sina.