Hodi ya Chumba Kitupu

Mama mtandika vitanda wa hoteli ile kongwe ya Mwanza hubisha hodi hata kwenye chumba kisicho na mgeni, husikiliza kidogo, ndipo huingia na kunyoosha shuka kwa mgongo wa kiganja. Serikali ilipoiuza hoteli, wenzake wengi walipunguzwa kazi, naye akawa anangoja zamu yake. Asubuhi moja mmiliki mpya, Liaqat, alimkuta mlangoni akibisha.

“Mama, unawapigia hodi majini?”

“Hodi ni ya chumba, baba. Kimelaza Wazungu, mawaziri na wanunuzi wa pamba, kimezoea heshima.”

Liaqat akacheka. “Basi usiondoke. Nani atawafundisha wafanyakazi wapya?”

Alipokwenda zake, mama aliketi kitandani, jambo ambalo hakuwahi kuthubutu kulifanya, kisha akainuka upesi, akakitandika upya.